Sasa Munganga Iko Wapi?

Jirani yangu ni mama wa Kikongo, mzaliwa wa Kivu, aliyeletwa Texas kama mkimbizi baada ya kukaa kambini miaka mingi kuliko aliyokaa kwao. Jumamosi moja nilimpeleka kliniki kwa gari langu, maana basi la upande huo Jumamosi halipiti. Kliniki imebanwa kati ya duka la matairi na kanisa la Wameksiko. Ndani kuna viti vya plastiki, televisheni isiyo na sauti, na watoto wanaokohoa kwa zamu.

Tulipoitwa tuliingia chumba kidogo. Mama akakaa kitandani kwenye ile karatasi inayokwaruza, kitenge kimefungwa juu ya jaketi la baridi. Dada aliyeingia alikuwa Mkenya, wa Kisii. Alipolisoma jina la mama kwenye kompyuta, akaacha Kiingereza papo hapo.

"Munganga," mama akaanza, "kichwa inaniuma, na macho inaona sawa vile kuko moshi."

Yule dada akacheka. Kwake yeye mganga ni mtu wa hirizi na kuku mweusi. "Mama, mimi si mganga. Mimi ni nesi."

Mama akanigeukia mimi, kisha akautazama mlango kama anayesubiri mtu mwingine aingie. "Sasa munganga iko wapi?"

"Ni mimi, mama."

Marekani wamekuwa wakibishana juu ya jibu hilo kwa miaka sitini. Dada huyu ni muuguzi mtabibu. Sisi wa huku humwita NP, kifupi cha nurse practitioner, basi. Ni nesi aliyesomea uuguzi hadi digrii, akarudi darasani kuchukua shahada ya uzamili au hata ya uzamivu, akapewa leseni ya kupima, kutaja ugonjwa kwa jina na kuandika dawa. Mtu wa Singida au Kitui hashangazwi na hilo. Amezaliwa akatibiwa na tabibu wa zahanati, na huenda mama yake alipasuliwa na daktari msaidizi ambaye hakukanyaga chuo kikuu cha udaktari, na yeye yupo, mzima, anasoma makala hii. Kwetu hoja ya kwamba asiye daktari hawezi kutibu ilikufa siku nyingi kwa sababu haikuwa na pa kusimama: daktari mwenyewe alikuwa wilayani, na barabara ilikuwa imekatika.

Wamarekani bado wanauliza kama nesi anaweza. Nadhani wanauliza swali lililokwisha kujibiwa ili wasiulize lile lenye gharama.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1965, Loretta Ford, muuguzi wa afya ya jamii aliyezoea kuzunguka vijiji vya Colorado, alishirikiana na daktari wa watoto Henry Silver kuanzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado mafunzo ya kwanza ya wauguzi watabibu. Ford alikuwa ameona kwa macho yake kwamba vijijini manesi walikuwa tayari wanafanya kazi hiyo. Kilichopungua ni elimu ya ziada na ruhusa. Alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 104, na kwa hiyo aliwahi kuiona fani aliyoianzisha na watu wachache ikifikisha mamia ya maelfu. Wala hakuwa wa kwanza kuota ndoto hiyo. Tangu 1925 Mary Breckinridge alikuwa na manesi wakunga waliopanda farasi milima ya Kentucky, wakizalisha wake wa wachimba makaa na wakulima kwa ada ndogo ambayo asiye na fedha aliweza kuilipa kwa mazao au kwa kazi ya mikono.

Mwaka huo huo wa 1965, tarehe 30 Julai, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya Medicare kwa wazee na Medicaid kwa maskini. Ghafla mamilioni ya watu wakawa na kadi ya matibabu mfukoni, na madaktari wa kuwatibu hawatoshi. Wauguzi watabibu walipata nafasi yao kwenye upungufu huo. Sasa tazama ilivyogeuka: wakati ule nchi ilikuwa na kadi nyingi kuliko waganga. Mama wa Kivu leo mganga anaye, anaongea hata Kiswahili. Kadi ndiyo hana.

Kuhusu uwezo, ushahidi upo na umekaa mezani robo karne. Mwaka 2000 Mary Mundinger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika New York. Wagonjwa 1,316 waligawanywa kwa bahati nasibu, hawa wakapelekwa kwa wauguzi watabibu, wale kwa madaktari, na wauguzi wakapewa mamlaka yale yale waliyokuwa nayo madaktari. Baada ya miezi sita hali za wagonjwa zilikuwa sawa, na kati ya wenye ugonjwa wa presha, namba ya chini ya kipimo ilikuwa ndogo kidogo kwa walioonwa na wauguzi. Mwaka 2018 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulijumlisha majaribio 18 ya namna hiyo na kufika karibu na hapo hapo, wakiongeza kitu ambacho mgonjwa yeyote angewaambia bure: nesi hukaa na mtu muda mrefu zaidi.

Ila kwenye utafiti ule wa New York kuna jambo ambalo watetezi wa wauguzi huliruka. Wengi wa wagonjwa wale walikuwa na Medicaid. Walikuwa maskini, naam, lakini maskini waliolipiwa. Walipohitaji kipimo, kipimo kilifanyika. Walipohitaji bingwa, walipelekwa. Utafiti ulipima mikono ya nesi, na mikono ikafaulu. Haukumpima nesi aliyesimama na mgonjwa ambaye nyuma yake hakuna mtu wa kulipa.

Madaktari nao wana hoja, tusiwafanye wabaya bure. Chama cha Madaktari cha Marekani kinasema mafunzo hayalingani, na kweli hayalingani: kwa muda mrefu kiwango cha chini cha mazoezi ya kliniki kwa muuguzi mtabibu kilikuwa saa 500, wakati daktari wa familia hupitisha saa elfu kumi na zaidi kabla ya kuachiwa peke yake. Vimezuka pia vyuo vya mtandaoni ambavyo mimi nisingempeleka hata mbuzi wangu kwa wahitimu wake. Lakini angalia dawa ambayo majimbo yameuandikia ugonjwa huo. Texas inataka muuguzi mtabibu awe na mkataba na daktari ili aweze kuandika dawa. Daktari mmoja anaweza kuwa na mkataba na hadi saba, na wakutane walau mara moja kwa mwezi, na kukutana huko kunaweza kuwa kwa video. Ukivuka mpaka ukaingia New Mexico, muuguzi huyo huyo mwenye elimu hiyo hiyo hahitaji mkataba. Wameruhusu hivyo tangu 1993. Zaidi ya nusu ya majimbo 50 sasa yamefuata njia hiyo.

Chupa ya vidonge vya presha aliyotoka nayo mama ina jina la nesi, na pembeni yake jina la daktari. Mama aliniuliza huyo ni nani. Nikamwambia ni msimamizi. Akaitazama chupa kwa makini, kama mtu anayetafuta picha yake. Hajawahi kumwona na hatamwona. Kama tatizo ni saa chache za mafunzo, jina kwenye chupa haliongezi hata dakika moja. Kwenye kliniki za umma daktari msimamizi huwa mwajiriwa, kwa hiyo saini yake haina bei ya ziada. Muuguzi anayefungua kliniki yake mwenyewe mji mdogo usio na daktari hulazimika kumtafuta mmoja mjini na kumlipa kila mwezi, na fedha hiyo huingia kwenye bei ya mgonjwa. Daktari akistaafu au akihama, kliniki inafungwa hata kama hakuna aliyekosea.

Kuna na ugomvi wa majina, ambao ningeucheka kama si mahakama kuingizwa. California inazuia muuguzi mwenye shahada ya udaktari wa uuguzi kujitambulisha kwa mgonjwa kama daktari, na mwaka 2023 wauguzi watatu waliishtaki serikali ya jimbo kwa hilo. Wangekuja kwetu: Tanzania mkuu wa matibabu serikalini anaitwa Mganga Mkuu, ukivuka Namanga neno hilo hilo linakupeleka kwa mpiga ramli, na Kivu munganga ni yeyote atakayekuondolea maumivu.

Na bei je? Watu wengi, hata huku, huamini kliniki ya nesi ni nafuu kwa sababu nesi ni wa bei rahisi. Si kweli, au ni kweli kidogo tu. Mwaka 2023 mshahara wa katikati wa muuguzi mtabibu ulikuwa kama dola 126,000 kwa mwaka. Ni chini sana ya daktari, lakini mtu wa mshahara huo huwezi kumlipa kwa makusanyo ya wanaosafisha vyumba vya hoteli. Medicare humlipa muuguzi mtabibu asilimia 85 ya anacholipwa daktari kwa kazi ile ile. Akiba hiyo hubaki Medicare, na mama wa Kivu hayumo Medicare. Biashara nayo ilijaribu. Walmart, duka ambalo likiuza kitu kwa hasara huwa linajua kwa nini, lilianza mwaka 2019 kufungua vituo vya afya vyenye bei zilizobandikwa ukutani, na Aprili 2024 likatangaza kuvifunga vyote 51. Gharama za uendeshaji zilipanda, malipo hayakutosha. Na wauguzi wenyewe ni binadamu. Jimbo likiwapa uhuru, wapo wanaokwenda kufungua kliniki kijijini, na wapo wanaofungua chumba chenye taa nzuri mjini wakachoma watu sindano za kuondoa makunyanzi, kwa sababu huko mteja hulipa taslimu na hana presha.

Tulipofika dirishani siku ile, karani hakumwuliza mama anaumwa nini. Alimwomba hati mbili za mshahara za mwisho na idadi ya watu nyumbani. Mama anasafisha vyumba siku tatu kwa wiki. Saa zake hazifiki za kupewa bima ya kazini. Karani akapitisha kidole kwenye jedwali lililolaminishwa, lenye kingo zilizobanduka: mstari wa umaskini mwaka 2025 kwa mtu mmoja ulikuwa dola 15,650, na mama alikuwa chini yake. Akalipa dola 25, za kuonwa, kupimwa damu na kila kitu. Vidonge vya presha na vya sukari tulikwenda kuvichukua duka lenye orodha ya dawa za dola nne, ambayo yule dada wa Kisii anaijua kwa moyo. Nilimwona akiandika kwanza dawa nyingine, akasita, akaifuta, akaandika iliyomo kwenye orodha.

Dola 25 hiyo haikutoka kwenye unafuu wa nesi. Ilitoka kwenye ruzuku ya serikali kuu kwa vituo vya afya vya jamii, ambavyo kwa sheria havimkatai mtu kwa kukosa fedha na hutoza kwa kadiri ya kipato. Vinatibu zaidi ya watu milioni 30 kwa mwaka. Na hapa nina fahari kidogo ya bara letu. Vituo hivi mbegu yake ilitoka Afrika. Sidney na Emily Kark, mke na mume madaktari, walianzisha kituo cha Pholela, Natal, Afrika Kusini, mwaka 1940, wakitibu watu huku wakihesabu vyoo, bustani za mboga na visima. Mwaka 1957 mwanafunzi wa udaktari wa Kimarekani, Jack Geiger, alikwenda kujifunza kwao. Aliporudi, yeye na mwenzake Count Gibson walipata fedha za serikali mwaka 1965 kuanzisha vituo viwili, kimoja Boston na kingine Mound Bayou, Mississippi. Huko Mississippi Geiger alikuta watoto wenye njaa, akawaandikia chakula kama dawa. Familia zikachukua vyakula dukani, na bili ikaja kwenye bajeti ya famasi ya kituo. Wakubwa wa Washington walipouliza, jibu lake lilikuwa kwamba tiba ya njaa ni chakula.

Kwa hiyo unafuu una wazazi wawili, nesi mwenye ruhusa na mfuko unaolipa. Wanasiasa wa Marekani wanampenda wa kwanza. Kumpa nesi uhuru hakugharimu hazina chochote, na wa mrengo wa kulia na wa kushoto wanaweza kupiga picha pamoja kwenye kutia saini. Wa pili ndiye wanayemkimbia. Texas ina idadi kubwa kuliko majimbo yote ya wasio na bima, karibu mtu mmoja kati ya sita, na ni moja ya majimbo kumi yaliyokataa kupanua Medicaid. Hapa mtu mzima ambaye hajafika uzeeni, hana mimba, hana mtoto mdogo wala ulemavu, hapati Medicaid hata awe hana senti. Bima ya ruzuku inayouzwa sokoni nayo huanzia kwenye ule mstari wa umaskini. Aliye chini yake haipati. Yaani mtu anavyozidi kuwa na hali mbaya ndivyo anavyozidi kukosa msaada. Nilipomweleza, alidhani Kiswahili changu ndicho kibovu.

Wakongo ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi walioingia Marekani katika miaka ya fedha ya 2023 na 2024. Alipofika, mama alipewa bima ya miezi ya mwanzo kama wengine. Wanaofika tangu Mei 2025 wanapewa minne tu. Na sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 inawaondoa wakimbizi kwenye Medicaid kuanzia Oktoba 2026 mpaka wapate kadi ya ukaazi wa kudumu. Wataalamu wa bajeti wa Bunge la huko wanakadiria sheria hiyo kwa jumla itaongeza wasio na bima milioni kumi kufikia 2034. Watakwenda wapi? Watakwenda kwa dada wa Kisii. Wapo wanaosema hiyo ndiyo maana ya kuwa na wauguzi watabibu. Mimi naona ni kumtwisha nesi mzigo ulioshushwa kwenye bega la serikali, kisha kumsifu kwa moyo wake. Tena nesi aliyesomeshwa hatua za kwanza kwa kodi ya Mkenya, ambaye naye nyumbani anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima mpya ya jamii na bado anaambiwa hospitali haina watumishi.

Turudi chumbani. Yule dada alimpima mama kila kinachopimika kwa vyombo alivyonavyo. Presha 178 kwa 104. Sukari imepanda. Alimvua viatu, akamgusa nyayo kwa uzi mwembamba, akimwambia afumbe macho aseme "ndiyo" kila anapohisi. Mama alisema ndiyo mara tatu tu. Kisha akamwangalia macho kwa kile kitochi, akanyamaza kidogo.

"Mama, dawa uliacha lini?"

"Dawa ilisha kuisha, mwana yangu. Tangu mwezi wa tatu."

"Na moshi kwenye macho?"

"Hata mbele ya hapo."

Sukari ya muda mrefu hula mishipa ya nyuma ya jicho. Inatibika kwa miale au kwa sindano ikiwahiwa, lakini si kwenye chumba kile, na si kwa leseni yake wala ya yule daktari wa kwenye chupa. Anahitajika bingwa wa macho, na bingwa wa macho hana jedwali lililolaminishwa. Kliniki ya kwanza tuliyompigia ilitaka malipo ya kuonwa tu ambayo ni mshahara wa mama wa wiki mbili, kabla ya tiba. Hospitali kubwa ya umma ina mpango wa wasiojiweza, ila ni kwa wakazi wa kaunti yake, na sisi tuko upande wa pili wa barabara inayogawa kaunti. Chumba cha dharura kitampokea, sheria ya mwaka 1986 inakilazimisha. Kitampokea siku atakayokuwa amepofuka, na bili itamfuata.

Dada aliandika rufaa hata hivyo, akaipiga muhuri. Mama akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya Biblia yake.

Kliniki hufungwa saa nane mchana Jumamosi. Saa nane na nusu tulikuwa bado humo. Karani alishazima taa za mbele, na dada wa Kisii amekaa mezani na orodha ya namba aliyoiandika mwenyewe kwa peni, za mabingwa wa macho ambao siku za nyuma waliwahi kumkubalia mgonjwa mmoja mmoja bila malipo. Mbili alikuwa ameshazikata kwa mstari. Ya tatu ilimweka asubiri, simu imewekwa sauti ya nje, muziki wa kinanda unazunguka ule ule. Mama alisinzia. Dada akanipa ishara ya mkono kwamba niende kuwasha gari, yeye ataendelea kusubiri.